Samaki wa Pwani Akitoka Madoa Machakos

Leo nazungumza na kundi dogo lenye shida kubwa: watu wa Machakos wanaofuga samaki wa bahari ndani ya tangi la kioo. Wako wenye hoteli, wako wenye kliniki wanaotaka mgonjwa apumzishe macho anapomsubiri daktari, na wako waliomwona samaki Mombasa wakampenda, wakaamua kupanda naye huku juu. Wote huja na swali moja. Samaki wangu ametoka madoa, nimpe dawa gani?

Swali hilo huja mapema mno. Doa jeupe kwenye ngozi ya samaki laweza kuwa kimelea, laweza kuwa virusi, jeraha la wavu, punje ya mchanga iliyonata kwenye ute, au rangi yake ya kulala tu. Dawa inayoponya moja ya hayo haina kazi kwa mengine, na dawa kali kama ile ya shaba ni sumu ikizidi kidogo. Samaki aliyetoka salama baharini, akavumilia safari ndefu, halafu akafa kwa dawa ya ugonjwa ambao hakuwa nao, amekufa kifo kisichokuwa na sababu.

Tuanze alikotoka. Kenya imekuwa ikiuza samaki wa mapambo wa baharini kwa miaka mingi. Wazamiaji wa Kwale na Kilifi huingia miambani na vyavu vidogo, wakawakamata mmoja mmoja nje ya hifadhi, maana ndani ya hifadhi kama Kisite, Watamu na Malindi kuvua ni marufuku. Hizo mbili za mwisho zimelindwa tangu mwaka 1968. Wengi wa samaki hao hupelekwa ng'ambo. Wachache huletwa bara. Hutiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, mfuko ukafungiwa ndani ya boksi la povu, boksi likapandishwa gari la Barabara ya Mombasa mpaka makutano ya Machakos. Njiani samaki halishwi, na maji yake yanachafuka kwa uchafu wake mwenyewe. Wavu umeshamkwangua ute, na ute ule ndio ngao yake ya kwanza dhidi ya kila kinachotaka kuingia mwilini. Ndiyo maana madoa hutokea sana katika wiki mbili za mwanzo, mwenye tangi akiwa bado anawaita majirani waje kutazama.

Akifika hapa anakutana na mambo ambayo kwao hayapo. Mji wetu uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huku ni pungufu kwa karibu asilimia 17 kuliko pale Likoni, na oksijeni inayoyeyuka ndani ya maji hupungua kwa kiasi hicho hicho. Samaki mzima huvumilia. Samaki ambaye matamvua yake yameshambuliwa na vimelea havumilii, na dawa nyingi humpunguzia pumzi zaidi. Kwa hiyo hapa Machakos pampu ya hewa ni sehemu ya matibabu kabla dawa yoyote haijafunguliwa. Halafu kuna baridi. Mwezi wa Julai usiku wetu hushuka chini ya nyuzi 15, na huyu amezoea maji ya nyuzi 25 hadi 29 mwaka mzima. Stima ikipotea saa nane za usiku, hita nayo imezimika, asubuhi utamkuta samaki amekunja mapezi na kinga yake imelegea.

Na maji yenyewe. Kuna wanaosema kisima chetu kina maji ya chumvi, basi si tumtie humo samaki wa bahari? La. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, tena chumvi za aina nyingi kwa vipimo vinavyojulikana. Maji ya visima vya Mavoko au Yatta yanaweza kukausha mdomo, lakini hayakaribii kiwango hicho, na yana madini yake mengine, hata floraidi. Chumvi ya mezani nayo haifai, hata kama imetoka kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni karibu na bahari yenyewe. Tumia chumvi maalumu ya matangi, uichanganye na maji yaliyochujwa vizuri, kisha upime kwa kipima chumvi, si kwa ulimi.

Sasa tumtazame samaki. Kwanza kuna alama ambazo si ugonjwa kabisa. Mchukue tafi, ambaye watu wa pwani wanamla kila siku. Mchana ana rangi moja iliyotulia. Akishtuka, au taa zikizimwa akalala, anageuka mabaka mabaka ya kahawia mwili mzima, utadhani ameungua. Washa taa, subiri dakika chache, mabaka yanaondoka. Wako jamii ya kitatange ambao nao hubadilika usiku. Na kuna yule kitatange mkubwa ambaye wataalamu humwita Pomacanthus imperator: akiwa mdogo ni buluu iliyoiva yenye duara nyeupe, akikua duara zinafutika na mistari ya njano inachukua nafasi yake. Katikati ya mabadiliko hayo ngozi yake haieleweki, na asiyejua humtia dawa samaki anayekua.

Kwa hiyo mtazame mara mbili, asubuhi taa zikiwa zimewaka na usiku kwa tochi. Simama ubavuni mwa tangi, umulike kutoka pembeni ili mwanga uteleze juu ya ngozi yake. Hapo ndipo utajua kama doa limeinuka juu ya ngozi au limo ndani ya rangi. Mpige picha kwa simu, na kesho umpige nyingine. Doa lililokuwa kwenye pezi la mkia jana, leo limehama au liko pale pale? Halafu hesabu anavyopumua. Tazama kifuniko cha matamvua kinavyofunguka kwa dakika moja, uandike namba hiyo siku ambayo samaki ni mzima, ili siku akiugua uwe na cha kulinganisha. Mimi naamini pumzi kuliko ngozi. Vimelea vingi vibaya huanza kwenye matamvua, ambako jicho halifiki, na ngozi huonyesha baadaye.

Haya, tuseme ni vipele vyeupe vilivyoinuka, kila kimoja ukubwa wa punje ya chumvi, vinahesabika. Samaki anajikwaruza kwenye mawe. Huenda samaki huyo ni kangaja, kwa sababu kangaja hupata maradhi haya upesi kuliko wengi. Kimelea chake kinaitwa Cryptocaryon irritans, na sitaki kukipita haraka, kwa sababu tabia yake ndiyo inayowadanganya wafugaji wengi.

Kimelea hiki hujificha chini ya tabaka la juu la ngozi, kinakula, kinanenepa. Kile kipele unachokiona ni yeye ndani, na ngozi imemfunika. Baada ya siku tatu hadi saba hivi anatoka mwenyewe, anaanguka chini, anajifungia ndani ya gamba gumu kwenye mchanga au jiwe, na humo anajigawa mara nyingi. Kisha gamba linapasuka na wadogo kwa mamia wanatoka kutafuta samaki. Sasa fikiria mwenye tangi. Jumatatu ameona vipele, akatia dawa aliyoshauriwa na rafiki. Ijumaa vipele hakuna. Anashangilia, anaisifu dawa. Ukweli ni kwamba kimelea kilikuwa kinaondoka hata angetia chai. Wiki mbili baadaye vipele vinarudi mara kumi. Dawa nyingi zenye sifa kubwa zimepata sifa yao kwa njia hiyo, na kitunguu saumu kimo ndani ya orodha.

Na gamba lile haliingiliki. Akiwa ndani yake, au akiwa chini ya ngozi, dawa haimfikii. Anafikika akiwa mdogo anaogelea tu. Watafiti Angelo Colorni na Peter Burgess waliandika mwaka 1997 kwamba magamba huchukua siku chache tu kupasuka, lakini mengine huchelewa, na yaliyochelewa zaidi yalifika siku 72. Kwa hiyo tangi lililoingiwa linatakiwa kukaa bila samaki hata mmoja kwa muda huo wote, miezi miwili na nusu hivi, ili wanaotoka wakose pa kula wafe. Matumbawe, konokono na kamba wabaki humo, kwani hawashikwi na ugonjwa huu. Samaki ndio wahame, wote, hata asiye na kipele.

Wahamie wapi? Hapa kuna njia ninayoipenda kwa sababu haina dawa na inamfaa mtu wa kipato cha kawaida. Colorni huyo huyo, aliyekuwa akifanya kazi Eilat kwenye Bahari ya Shamu, ndiye aliyeieleza. Unakuwa na vyombo viwili vya plastiki, vikubwa vya kutosha samaki, kila kimoja na pampu yake na hita yake. Samaki anakaa cha kwanza siku tatu, kisha anahamishiwa cha pili chenye maji mapya ya chumvi na joto lile lile. Cha kwanza unakimwaga, unakiosha, unakikausha kabisa juani pamoja na vifaa vyake, maana gamba likikauka linakufa. Siku tatu tena, unarudi. Ukihamisha mara nne kwa mpango huo, kila kilichoanguka kutoka kwa samaki kimeachwa nyuma kabla hakijapasuka. Jua la Machakos hapo ni msaada mkubwa. Mwiko wake ni mmoja: usivichanganye vifaa, na usichelewe hata siku moja.

Dawa ya shaba inafanya kazi, sikatai. Kiwango chake ni miligramu 0.15 hadi 0.20 ya shaba huru kwa kila lita, kinachopimwa mara mbili kwa siku na kushikiliwa kwa wiki tatu au zaidi. Chini ya hapo kimelea kinaishi, juu ya hapo samaki anaumia. Itumike kwenye chombo kitupu kisicho na mchanga wala mawe ya chokaa, kwa sababu hayo huinywa shaba na kukuharibia kipimo. Isiingie kamwe kwenye tangi lenye matumbawe, konokono au kamba, itawaua. Na nawaomba sana ndugu zangu wa Kangundo na Matungulu, ile shaba ya kupulizia kahawa na nyanya ibaki shambani. Imetengenezwa kwa jani, ina viambato vingine ndani yake, na huwezi kuipima kwa kijiko ukapata miligramu hizo. Kuna pia njia ya kupunguza chumvi polepole kutoka 35 mpaka 15 au 16 kwa kila elfu na kuiweka hapo wiki kadhaa. Hiyo nayo inataka chombo cha pembeni na kipima chumvi cha kuaminika.

Lakini ikiwa unachokiona hakihesabiki, ni vumbi la rangi ya dhahabu iliyofifia linaloonekana tu ukimulika kutoka pembeni, na samaki anahema juu ya maji au amesimama mbele ya mkondo wa pampu, hapo usingoje picha ya kesho. Huo ni ugonjwa wa kimelea Amyloodinium ocellatum. Anaua kwa siku chache, wakati mwingine ndani ya usiku mmoja, na huwa ameshaharibu matamvua kabla vumbi halijaonekana. Kupunguza chumvi hakumsumbui. Shaba ndiyo dawa yake, na oksijeni nyingi, siku hiyo hiyo.

Wale samaki wadogo wanaoishi ndani ya anemone, walio wengi kwenye miamba ya pwani yetu, wana adui yao anayeitwa Brooklynella hostilis. Ute unachubuka kama utando mweupe mwili mzima. Tiba yake ni fomalini, na fomalini ni sumu ya kuvuta puani na hula oksijeni ya maji. Kazi hiyo mwachie daktari wa mifugo anayejua samaki.

Kuna minyoo bapa nayo, ambayo haionekani kwa sababu ina rangi ya kioo. Utaona jicho limefunga ukungu, samaki anajikuna, ngozi ina mabaka yaliyopauka. Hapa unaweza kujithibitishia kwa macho yako. Andaa beseni jeusi lenye maji yasiyo na chumvi wala klorini, yenye joto sawa na la tangi na asidi iliyorekebishwa ilingane nayo, pampu ya hewa ikiendelea. Mtie samaki kwa dakika tatu hadi tano bila kumwondolea macho. Akilala ubavu, mtoe. Minyoo ikiguswa na maji yale hugeuka myeupe na kuanguka, na chini ya beseni jeusi utaiona kama chenga za ufuta. Umeshajua. Dawa yake ni prazikwanteli, ile ile ambayo watu wa Machakos wanaijua kwa kichocho. Ya samaki hupimwa miligramu 2 hadi 2.5 kwa lita, ikarudiwa baada ya siku tano hadi saba kwa ajili ya mayai. Tafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki.

Uvimbe mweupe wenye vifundo kwenye ncha za mapezi, usiohama, unaokua polepole huku samaki anakula vizuri, kwa kawaida ni virusi vya limfosisti. Hauna dawa wala hauhitaji. Maji safi, chakula chema, utulivu, na wiki au miezi ikipita unapukutika. Wanaoukata kwa wembe wanamwachia samaki kidonda bure. Mashimo yanayokula uso na mstari wa ubavuni mwa kangaja na kitatange si ya kimelea pia; angalia lishe yake ya mboga za baharini, na angalia mkaa ulio ndani ya chujio, kwa sababu vumbi la mkaa limeonekana kuyaleta. Na mkato mnyoofu ubavuni, kama wa kisu, ni wa kisu kweli: kangaja ana wembe pande zote mbili za shina la mkia, naye hamhurumii mwenzake katika tangi dogo. Hapo tiba ni kuwatenganisha.

Nimeombwa pia nizungumzie vidonge vya binadamu, vile vya tetrasaiklini ambavyo watu hupasua na kumwaga ndani ya tangi. Kwenye maji ya bahari tetrasaiklini hushikwa na kalisi na magnesi iliyojaa mle, kazi yake ikapotea kwa sehemu kubwa. Kinachobaki kinaua bakteria wema wa chujio wanaokula amonia, na kuwafundisha wabaya kuzoea dawa. Samaki atakufa kwa amonia, nawe umeacha usugu nyumbani mwako. Pima amonia na nitriti kabla ya kufikiria bakteria. Maji mabaya huacha ngozi nyekundu na mapezi yaliyochakaa, na dawa yake ni kubadilisha maji.

Wengine hununua yule samaki mwembamba mwenye mstari mweusi, msafishaji, wakitumaini atavila vipele vya wenzake. Hawezi. Kimelea kimo chini ya ngozi, yeye huokota vya juu. Na thamani yake iko mwambani. Huko Lizard Island, Australia, watafiti waliwaondoa wasafishaji kwenye baadhi ya miamba kwa zaidi ya miaka minane, na samaki wakazi wa miamba hiyo wakapungua kwa asilimia 37. Mwacheni Kisite afanye kazi yake.

Na mikono yako. Kuna bakteria wa matangini, Mycobacterium marinum, wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu, anayeingia kwenye mchubuko wa kidole na kuacha uvimbe usiopona kwa miezi. Ukiwa na kidonda vaa glavu. Ukienda hospitali na uvimbe wa namna hiyo, mwambie daktari kwamba unafuga samaki. Asipojua hilo atautafuta kwingine. Tafi mshike kwa chombo, miiba yake ina sumu. Maji ya tangi na samaki waliokushinda usiwapeleke bwawa la Maruba wala kidimbwi cha jirani mwenye tilapia.

Nimalizie kwa ombi, hasa kwa anayefikiria kununua leo. Karibu yote niliyoyasema huzuilika kwa chombo kimoja cha pembeni ambamo kila samaki mpya hukaa wiki nne hadi sita, akitazamwa kwa tochi, kabla hajaonana na wenzake. Kama nafasi au fedha ya chombo hicho haipo bado, basi samaki huyo abaki baharini mpaka iwepo.